Waya wa Tatu na wa Sita

Watu walimwita Nguzo, na si kwa sababu ya urefu. Miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo za simu, akaunga nyaya juu ya barabara, juu ya mito, na safari moja, kwa maneno yake mwenyewe, juu ya harusi ya watu, akala pilau iliyovutwa juu kwa kamba. Aliwahi kuapa kwamba radi ilimwingia kidole cha mguu ikatokea sikioni, na siku nne nzima akawa anasikia simu za mji mzima bila chombo. Ukimwuliza walisema nini, alikujibu kwamba siri za wateja hazitolewi hata baada ya kustaafu.

Asubuhi ile hakuwa na hadithi. Alikuwa amesimama sebuleni, mikono nyuma, akitazama kiduara cha kungoja kikizunguka katikati ya televisheni kama nzi asiyeamua atue wapi.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, hatua mbili kutoka kwenye kioo, shingo ameitoa mbele. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika siku nyingi. La kulia lilikuwa dirisha lenye ukungu: liliona vitu vikubwa, vya karibu, vyenye mwanga. Na siku hiyo hiyo, alasiri, daktari angelipasua. Daktari mwenyewe hakuwa mtu wa kupaka asali. Aliwaambia kwamba wakilingoja litakufa, na wakilipasua huenda likaona kuliko sasa, huenda lisione tena daima. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima. Saa saba kamili ilikuwa lazima wawe njiani.

Kabla ya saa saba mama yule alitaka kitu kimoja tu. Kumwona mama yake.

Mama huyo alifariki yeye akiwa na miaka minane, na hakuacha picha hata ya kitambulisho. Lakini zamani hizo jirani yao alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa kamera, na mkanda wake wa picha ulikaa sandukuni zaidi ya nusu karne hadi binti yake alipoupata, akausafisha, akauingiza kwenye kompyuta, akaanza kuwasaka waliomo. Alimpata mkaza mwana wa Nguzo, ambaye chumba chake cha uani kilikuwa duka la kuchapa na kutoa nakala. Mkanda ulitumwa jana, ukawa unashuka kwenye kompyuta ya duka pole pole, ukamalizika asubuhi hii. Dakika tisa. Hauna sauti. Ungekuwa na sauti, hata asiyeona angeusikiliza maisha yake yote. Huu ulikuwa wa macho peke yake.

Sasa, mtu atauliza, si wamchukue mama wamkalishe mbele ya kompyuta? Walijaribu. Kioo cha duka kilikuwa kidogo, akaona moshi tu. Basi faili liwekwe kwenye flashi? Lilikuwa kubwa mno, flashi zote za duka zililikataa. Kompyuta ihamishwe sebuleni? Kompyuta ile ilikuwa kama mzee aliyelala: mwezi uliopita waliizima, ikagoma kuamka siku mbili. Na televisheni isingehamishika, kwa sababu Nguzo aliifunga ukutani kwa boliti nne za nguzo za simu, na alijigamba kwamba siku ya tetemeko nyumba itakwenda, televisheni itabaki.

Ikabaki njia moja. Mwanawe, aliyekuwa kazini mbali, aliacha mashine yake ya gemu chini ya televisheni hiyo. Mashine ile, mbali na kupigana na mazimwi, ilijua kuvuta picha kutoka kwenye kompyuta ya duka na kuzionyesha ukutani. Ilivuta kwa waifai. Au ilijaribu.

Mkanda ulianza vizuri. Ua wa nyumba, kamba ya nguo, wanawake wawili wakianika mashuka, wote wawili wamegeuza mgongo. Shuka likapepea. Mmoja akaanza kugeuka. Kiduara.

"Tena," alisema mkewe.

Mkaza mwana akarudisha mwanzo. Mashuka, migongo, upepo, kiduara. Akafungua milango yote. Akawaomba wazime simu zao. Akaivuta ruta, kisanduku cha kurusha waifai, hadi dirishani, akaiweka juu ya sufuria iliyofunikwa, wakapata dakika mbili na nusu, kisha kiduara. Kati ya duka na sebule palikuwa na kuta mbili na tangi la maji la chuma, limejaa hadi mdomoni, na Nguzo akawaeleza kwamba mawimbi yakifika kwenye maji hunywewa yote, hayabakizi hata mate.

Kwenye kochi alikuwa ameketi shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva mstaafu wa malori waliyemwita Gia. Ndiye aliyekuja na gari. Alikuwa akizungusha ufunguo kidoleni, na kila kiduara kilipotokea aliuzungusha kwa kasi ile ile.

"Shemeji," alisema, "mimi nimewahi kukokota tani thelathini kupanda mlima kwa gia moja. Haikusimama namna hii."

"Lori lako lilikuwa linasukumwa na abiria," alijibu Nguzo, lakini bila nguvu.

Kilichomtia hofu si kiduara. Ni jicho. Kila mkewe alipolikaza kwa dakika chache lilianza kutoa machozi, ukungu ukazidi, ikabidi alifumbe robo saa nzima ndipo lirudi. Na kila liliporudi lilirudi pungufu. Nguzo alikuwa anayahesabu yale mapumziko kama mtu anayehesabu njiti za kiberiti zilizobaki. Ilipofika saa nne na nusu, mkewe alikuwa amefumba, kitambaa shavuni, na hakuna aliyekuwa ameuona uso wa mtu yeyote kwenye mkanda ule.

"Waya," alisema Nguzo.

Mkaza mwana alikuwa mtu wa heshima, lakini duka lilikuwa lake na waifai ilikuwa yake. Alisema kwa upole kwamba mambo ya nyaya yamepitwa, kwamba akitafuta mkondo usio na watu wengi hewani mambo yatanyooka, ampe nusu saa. Nguzo akamwambia kwamba hewa ni ya kila mtu, anaipita kila mwenye redio na kila mwenye kikohozi, lakini waya ni njia ya mwenye nyumba. Wakabishana hivyo, huyu akimwita baba, huyu akimwita mwanangu, kila mmoja akiogopa kutazama saa ya ukutani. Mwishowe yule mama, macho amefumba, akasema wasimpigie kelele, atakayemfikisha kwa mama yake kwanza na amfikishe.

Stoo kulikuwa na rola la waya wa kompyuta alilolinunua mwanawe wakati wa kujenga, mfuko wenye koleo la kubania, na kopo lenye vichwa vitano vya plastiki, vile vinavyochomekwa kwenye tundu. Nguzo akauvuta ule waya kutoka duka la uani, akalizunguka tangi, akaupenyeza kwenye tundu la hewa juu ya mlango, akautua chini ya televisheni. Hatua thelathini na nne. Alitembea kama kijana wa posa. Ruta ikarudishwa mahali pake mgongoni mwa mashine ya gemu, na kijiwaya kifupi kilichonunuliwa tayari na vichwa vyake kikaziunganisha hizo mbili. Sasa kilichobaki ni kuvika vichwa huku na huku.

Ndani ya waya ule mlikuwa na nyaya nane ndogo, zimesokotwa mbili mbili, kila jozi na rangi yake. Mkaza mwana akatoa karatasi iliyokuwa kwenye mfuko, akataka kumsomea mpangilio wa rangi. Nguzo akamzuia kwa kiganja.

"Rangi hizi," alisema, "nilizijua kabla mama yako hajaolewa. Buluu, chungwa, kijani, kahawia. Niliziunga gizani, nimening'inia, nyuki wamenijaa shatini."

Akazipanga hivyo, jozi kando ya jozi, kama alivyozipanga miaka thelathini na mmoja. Akabana. Upande wa pili vile vile. Akachomeka, na taa ndogo ya ruta ikawaka kijani. Ilikuwa saa tano na nusu. Nguzo alimtazama shemeji yake, akavuta suruali juu kidogo, na mtazamo ule ulikuwa na hotuba nzima ndani yake.

Mkewe akafumbua jicho. Mkaza mwana akabonyeza.

Ua. Kamba. Kisha mashuka yakakatika vipande vya mraba, kana kwamba panya walikuwa ndani ya televisheni. Wanawake wakawa viraka. Sekunde ya arobaini, kila kitu kikasimama, na kiduara kikarudi kwa madaha yake.

Hata ule ufunguo wa Gia ulisimama.

"Afadhali hewa," alisema Gia, pole pole, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anatania.

Nguzo alilaumu mashine ya gemu. Kisha akalaumu televisheni. Kisha akasema kuna mtu ameukanyaga waya, akaufuata wote kwa vidole, hatua moja moja, kuzunguka tangi, juu ya mlango, akiupapasa kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Ulikuwa mzima. Akachomoa na kuchomeka mara saba. Taa ilibaki kijani, na picha ilibaki ovyo. Jasho lilimtoka hadi kwenye kope. Mkaza mwana akasema kwa sauti ya chini kwamba labda warudi kwenye waifai, angalau ile iliwapa dakika mbili na nusu. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

Yule mama alikuwa amefumba tena. Akanyoosha mkono hewani, na Nguzo akaupokea.

"Mzee," alisema. "Hili jicho najua limebakiza nini. Limebakiza kutazama mara moja. Usiniambie nifumbue kwa kubahatisha. Waya wako ni mzima au si mzima?"

Kwa miaka arobaini ya ndoa Nguzo alimjibu mwanamke huyu maswali magumu kuliko hilo, na mengi aliyajibu kwa hadithi. Alimwambia alichelewa kwa sababu twiga aliikwamisha shingo kwenye nyaya. Alimwambia mshahara ulipungua kwa sababu kompyuta ya malipo iling'atwa na nyoka. Mkewe alicheka kila mara, na alimsamehe kwa kucheka. Sasa alikuwa amemshika mkono, anangoja, bila kucheka.

"Sijui," alisema Nguzo.

Mkaza mwana aligeuka kumtazama. Gia pia. Hakuna katika nyumba ile aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani humo.

Nguzo akamwomba mkwewe achukue ile karatasi. Asimsomee rangi kwanza. Amwambie tu, katika zile nyaya nane, picha inapita wapi.

"Baba, inakwenda kwa waya wa kwanza na wa pili," alisema mkaza mwana, kidole kwenye mchoro. "Inarudi kwa wa tatu na wa sita."

"Wa tatu na wa ngapi?"

"Wa sita."

Nguzo alikaa chini pale pale sakafuni. Wa tatu na wa sita. Kwa mpangilio wake wa simu, wa tatu ulikuwa wa jozi ya chungwa na wa sita wa jozi ya kijani. Alikuwa amewafunga pamoja watu wasiojuana, na mwenza wa kila mmoja akaachwa pembeni. Na hakuna mtu duniani aliyejua kuliko yeye linalotokea hapo. Nyaya husokotwa mbili mbili ili kila mmoja amlinde mwenzake; ukizitenganisha, kila linalopita jirani huvuja ndani. Aliwahi kumfukuza kibarua kwa kosa hilo hilo, mjini kwenyewe, wakati mwenye bucha na mchumba wa polisi walipoanza kusikiana kwenye simu, na bucha ikafungwa wiki mbili. Hiyo ilikuwa hadithi yake ya kweli kuliko zote, na alikuwa ameisimulia mara mia bila kuogopa kwamba siku moja kibarua angekuwa yeye.

"Waya ni mzima," alisema. "Mbovu ni mimi. Nimeuunga kisimu. Mwanangu, nisomee."

Wakakimbilia dukani. Kopo lilikuwa na vichwa vitatu, na kila upande ulitaka kimoja. Nguzo akakata kile cha zamani, akamenya, akazisokotoa zile nyaya, na hapo ndipo vidole vyake vilipomsaliti. Nyeupe ya kijani na nyeupe ya buluu zilikuwa zinafanana kama mapacha katika mwanga ule. Mkaza mwana akasoma, yeye akapanga, akasukuma, akabana, na mkaza mwana akakitazama kichwa kile kwa muda mrefu mno.

"Baba, ya tatu na ya tano zimepishana."

Kichwa kikishabanwa hakifunguki. Akakikata. Vikabaki viwili, na hapakuwa tena na nafasi ya kukosea. Saa sita na dakika thelathini na tano. Gia alikuwa amekuja hadi mlangoni, na Nguzo alidhani amekuja kutangaza saa. Badala yake aliingia, akaushika ule waya kwa mikono yake miwili mikubwa ya usukani, akaukaza juu ya meza usicheze.

"Soma taratibu," Gia alimwambia mkaza mwana.

"Nyeupe ya chungwa. Chungwa. Nyeupe ya kijani. Buluu."

Nguzo alikuwa anarudia kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakuona haya.

"Nyeupe ya buluu. Kijani. Nyeupe ya kahawia. Kahawia."

Akabana. Mkaza mwana akatazama, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Wakavuka ua mbio, wazee wawili wenye magoti kama ya kuazima, mkaza mwana mbele na karatasi. Upande wa sebuleni Nguzo alilala kifudifudi nyuma ya kabati lililokuwa chini ya televisheni, tumbo limebanwa, na Gia akamshikia waya tena. Safari hii hakuna aliyesema kitu ila rangi. Koleo likalia. Kichwa kikaingia tunduni, kikatoa mlio mdogo, na taa ikawaka kijani kama ilivyowaka mara ya kwanza. Ndiyo maana hakuna aliyeifurahia. Taa ile ilishawadanganya.

Nguzo hakutaka mkewe afumbue jicho kwanza. Alimwomba mkaza mwana aujaribu mkanda wenyewe hadi dakika ya tatu, na wote watatu wakautazama wakiwa wamesimama. Ulipita sekunde ya arobaini. Ukapita dakika ya pili. Nguzo akamwambia akate hapo hapo, kabla yeyote hajageuka, kwa sababu aliona si haki wao kumwona kwanza. Zilibaki dakika tisa kufika saa saba, na mkanda ulikuwa wa dakika tisa.

"Sasa," alimwambia mkewe. "Fumbua."

Mashuka yakapepea. Wanawake wawili wakaanika, wakainama, wakaanika. Mtoto wa kike akapita mbio chini ya kamba, na yule mama kwenye kigoda akatoa sauti ndogo, kwa sababu alikitambua kigauni chake mwenyewe. Dakika ya pili. Ya tatu. Shuka likainuka, mmoja wa wanawake akageuka, akamwona mwenye kamera, akajificha haraka nyuma ya shuka. Machozi yalikuwa yameanza kujikusanya kwenye lile jicho. Nguzo aliyaona yakijaa, akaona mkewe hapepesi, hataki kupepesa. Dakika ya tano, kivuli tu nyuma ya shuka. Ya sita, mkono, kibanio cha nguo. Nguzo alikitazama kile kivuli, akautazama ule waya, akajikuta anauomba, yeye ambaye hakuwahi kuomba chochote chenye urefu wa hatua thelathini na nne.

Dakika ya saba upepo ukalitwaa shuka, ukalitupa upande, na yule mwanamke akabaki wazi, amesimama kando ya mwenzake, amekubali kushindwa. Anacheka. Picha haikukatika.

Gia alikuwa amechuchumaa nyuma ya kigoda cha dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miezi mitatu. Kwenye kioo wanawake walikuwa wawili, wote wanacheka, na alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea kituoni.

"Dada," alisema. "Ni yupi?"

Dada yake alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Yule mfupi," alisema. "Nami miaka yote namkumbuka mrefu. Kumbe nilikuwa mtoto, namwangalia kutoka chini."

Mfupi alikuwa amejishika kiuno, amerudi nyuma kidogo kwa uzito wa tumbo.

"Na hilo tumbo," aliendelea, akiweka kidole kwenye kioo, "ni wewe."

Gia akasogea, akakitazama kile kidole cha dada yake na kilichokuwa chini yake. Mkanda ukaenda hadi mwisho, ukawa mweupe. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa saba kwa dakika mbili, kisha tatu, na mwenye ufunguo hakuinuka.

Aliyeinuka ni yule mama. Alijifuta shavu, akapapasa hadi akapata bega la mumewe, akajitegemeza hapo.

"Haya, Gia," alisema. "Umekaa kama mgeni. Washa gari, daktari hangoji."

Wakatoka, mkaza mwana ameshika mkoba, Gia mbele akiutafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mlangoni mama alimwuliza Nguzo kilichokuwa kimeuharibu ule waya ni nini hasa, naye akavuta pumzi, na kwa mazoea twiga akamjia ulimini. Akammeza.

"Nilikosea rangi," alisema.